PIKAPU YA SAITI NA YA FAMILIA: PIMA MZIGO KABLA HUJAULIZA HILUX AU ISUZU

Hapa Arusha haipiti wiki bila mtu kuniuliza swali hilohilo: "Kaka, nina hela kidogo, nataka pikapu dabo kabini, ya saiti na ya familia, nichukue ipi?" Kazi yangu ni kusimamia saiti ndogondogo za nyumba huku Engutoto, Moshono na Muriet, kwa hiyo magari haya nayaona yakiwa kazini, na nayaona yakiwa juu ya mawe gereji. Aliyeniuliza mwisho ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, fundi ujenzi mwenye watoto watatu. Hela yake ni ya miaka minne ya kujinyima. Ndiyo maana nimekaa niandike, kwa sababu jibu la "chukua Hilux, utanikumbuka" ni jibu la kijiweni. Halimfai mtu anayekwenda kumaliza akiba yake yote siku moja.

Swali la kwanza nililomuuliza halikuwa la Toyota wala Isuzu. Nilimuuliza: shemeji, unabeba kilo ngapi?

Hakujua. Na machalii wengi hawajui, hata wale wanaokesha mtandaoni wakiangalia magari ya Japani. Wanajua cc, wanajua rimu, wanajua bei, ila uzito hawajui. Sasa sikiliza. Karibu pikapu zote za saizi hii, iwe Hilux, D-Max, L200, Ranger au Navara, zimetengenezwa kubeba tani moja hivi. Nyingine kilo 800, nyingine tani na kidogo, inategemea kabini na kama ni foo wili. Na hiyo tani si ya bodi la nyuma peke yake! Dereva yumo, mama yumo, watoto wamo, na ile keria nzito ya chuma uliyochomelea Unga Limited nayo imo.

Namba za gari lako zipo, usikisie. Tafuta kwenye kadi ya gari na kwenye bamba dogo la chuma, mara nyingi lipo kwenye nguzo ya mlango au ndani ya boneti. Chukua uzito wa juu unaoruhusiwa, toa uzito wa gari tupu. Kinachobaki ndicho unachobeba, watu na mzigo pamoja.

Tufanye hesabu ya dabo kabini ya kilo 900. Asubuhi unapita Kijenge unachukua mafundi wanne, na wewe mnakuwa watano. Kila mtu kilo 70, hiyo ni 350. Zana zenu weka kilo 50. Zimebaki kilo 500, yaani mifuko 10 ya saruji. Mifuko kumi tu, basi! Nimeona pikapu zinapandishiwa mifuko 25 na mafundi wanakaa juu yake wakila mihogo.

Nondo je? Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 ina kilo 10 na nusu na kidogo, kwa hiyo tani moja ni nondo 93 hivi. Ukibeba 40 una kilo 420 na zaidi, na hata zikikunjwa katikati bado ni mita 6, zinaning'inia nje ya gari lolote la aina hii. Tofali la inchi 6 la saruji, lile lisilo na matundu, linakaribia kilo 30, kwa hiyo tofali 33 ni tani. Nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu inakula tofali elfu mbili na kuendelea. Gawanya mwenyewe uone ni tripu ngapi za pikapu, halafu piga hesabu ya dizeli.

Mchanga ndio unaoua magari kimyakimya. Bodi la dabo kabini lina urefu wa mita 1.5 hivi, upana kama huohuo, na kina cha karibu nusu mita. Hiyo ni kama mita moja ya ujazo. Mita moja ya mchanga mkavu ina uzito wa kama kilo 1,600, na ukiwa umelowa unazidi. Maana yake ukijaza mchanga ukawa sawa na ukingo, hata bila kilima juu, umeshazidisha karibu mara mbili. Gari haliku­lalamikii siku hiyo. Linakusubiri.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na shemeji nilimwambia hivihivi: mchanga, kokoto, mawe na tofali ni kazi ya tipa au kenta. Unalipa, wanamwaga saiti, wanaondoka, na chesisi inayopinda ni ya mwenye gari lile. Pikapu yako ni ya watu, zana, saruji ya kumalizia, mabomba, rangi, milango, na mfuko mmoja mmoja ule unaopungukiwa saa kumi jioni wakati zege limeshachanganywa. Tulichukua daftari lake la mwezi mmoja tukahesabu. Kati ya siku 26 za kazi, siku alizohitaji kubeba zaidi ya nusu tani zilikuwa tano, na tatu kati ya hizo duka la vifaa lilimletea kwa kenta lao. Siku 21 zilizobaki alihitaji kusafirisha watu na vitu vya hapa na pale. Nakushauri ufanye hesabu kama hiyo kabla hujaenda popote. Ukikuta siku nzito ni 15, wewe hutafuti pikapu, unatafuta kenta, na familia itafutie njia nyingine.

Kwenye kabini sina maneno mengi. Singo kabini ina bodi refu, mita mbili na zaidi, ni gari la mzigo kwelikweli na bei yake huwa chini. Tatizo ni Jumapili. Mama na mtoto mmoja mbele, wawili waliobaki wanakwenda wapi? Wanakwenda nyuma kwenye bodi, sote tumeona. Breki moja ya ghafla pale Njiro na mtoto yuko barabarani. Ekstra kabini, ile yenye nafasi ndogo nyuma ya viti, inafaa kuweka zana zisilowe. Kumkalisha mtoto pale mpaka Moshi, kilomita 80, ni adhabu. Mwenye watoto watatu hana ujanja, ni dabo kabini, na akubali kwamba amenunua bodi fupi.

Sasa hapa naomba mnisikilize vizuri, maana hili gereji nyingi hawakuambii.

Mtu akishaona pikapu yake inakaa matako chini na mzigo, anakwenda kuongezewa majani ya springi. Majani mawili, matatu, gari linasimama juu kama jogoo, anafurahi. Kwanza, gari likiwa tupu linakuwa gumu kama mkokoteni, na dada yangu akipanda na mtoto mgongoni atakwambia. Lakini kubwa ni breki. Chini ya Hilux nyingi za zamani, na pikapu nyingine za Kijapani, kuna kifimbo kinachounganisha ekseli ya nyuma na valvu ya breki iliyofungwa kwenye chesisi. Mzigo ukiwekwa, bodi linashuka, kifimbo kinaisogeza valvu, na breki za nyuma zinapewa nguvu zaidi. Gari likiwa tupu bodi linapanda, valvu inapunguza nguvu ili matairi ya nyuma yasijifunge ukaserereka. Ni akili ndogo tu ya chuma, haina umeme.

Ukiongeza majani, bodi halishuki tena hata ukiweka tani nzima. Ile valvu inadhani gari ni tupu. Unateremka na saruji na mafundi watano, unakanyaga, breki za mbele zinafanya kazi yote peke yake, zinapata moto, gari linakwenda tu. Halafu watu wanasema "breki zilifeli." Kama lazima uongeze springi, mwambie fundi aiseti upya ile valvu, na asimame mbele yako akionyesha kifimbo kiko wapi. Kama hakijui kipo, hama gereji. Pikapu mpya zaidi zenye ABS nyingi zinagawa nguvu ya breki kwa kompyuta, ila hata hizo uzito uliozidi ni uzito uliozidi.

Na mzigo uweke mbele, ugusane na kabini. Bodi la dabo kabini sehemu kubwa iko nyuma ya ekseli, ukirundika saruji mlangoni pua inanyanyuka, usukani unakuwa mwepesi kama wa baiskeli. Chesisi nazo hupindia palepale kati ya kabini na bodi. Ukienda kununua ya mtumba, simama pembeni hatua kumi, angalia ile nafasi kati ya kabini na bodi. Ikiwa juu ni pana kuliko chini au kinyume chake, gari limeshapinda mgongo. Usibishane bei, ondoka.

Haya, tuje kwenye majina, najua ndiyo mnayosubiri.

Hilux. Sifa ya kutokufa ilitangazwa dunia nzima mwaka 2003, kile kipindi cha Top Gear cha Uingereza kilipochukua Hilux ya dizeli ya 1988, wakaizamisha baharini, wakaichoma moto, wakaiweka juu ya jengo lililobomolewa, ikawaka. Safi sana. Ila ile ilikuwa ya 1988, injini ya pampu ya kawaida isiyo na kompyuta. Unayouziwa leo mara nyingi ni ya kuanzia 2005, yenye D-4D. Ni injini nzuri, ina nguvu na inakula dizeli kidogo, lakini nozeli zake zinafanya kazi kwa presha kubwa mno na hazitaki maji wala uchafu kwenye dizeli. Ukiweka dizeli ya kwenye dumu iliyokaa saiti wiki mbili, umejitafutia. Badilisha filta ya dizeli mapema, mwaga maji yake, na ea klina isafishe kila mara maana vumbi letu la majivu ya Mlima Meru ni laini kama unga. Zile injini za zamani, 3L ya cc 2,800 na 5L ya cc 3,000, ni polepole kupanda kilima lakini fundi yeyote anaifungua chini ya mwembe. Kwa fundi wa saiti mwenye hela ya mawazo, 5L isiyochokonolewa bado naipigia kura.

Jambo jingine ambalo vijana hawalijui: Toyota iliacha kuuza Hilux ndani ya Japani mwaka 2004 na ikairudisha 2017. Kwa hiyo ukitafuta kwenye mitandao ya Wajapani Hilux ya 2008 iliyotumika Japani, huipati. Utakazoziona za miaka hiyo asili yake ni soko jingine, kwa mfano Thailand, Afrika Kusini au Uingereza, kote huko usukani uko kulia kama kwetu. Si vibaya, ila uliza ilitoka wapi. Ya Uingereza ichungulie chini, wale wanamwaga chumvi barabarani wakati wa barafu na chuma kinaliwa.

Isuzu mimi naiheshimu kwa kazi. D-Max yenye injini ya 4JJ1 ya cc 3,000 inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi, na inavuta. Zinaunganishwa Nairobi, kwa hiyo spea ukikosa Arusha unavuka Namanga. Starehe ya ndani ni ya kawaida. L200 inapendeza na huwa na bei nafuu kidogo, ila zenye injini ya 4D56 zina mkanda wa taimingi: ukinunua ya mtumba usiulize ulibadilishwa lini, badilisha. Ukikatika, valvu na pistoni zinagongana na akiba ya miaka minne imekwisha hapohapo. Navara ya cc 2,500 ina cheni, lakini cheni hiyo inajulikana kulegea, kwa hiyo sikiliza kelele asubuhi injini ikiwa ya baridi. Ranger nitaisema hapa chini.

Kwa Arusha, Toyota ina faida ambayo haitokani na ubora peke yake. Huu ni mji wa utalii, makampuni ya safari yamejaza Land Cruiser, kwa hiyo mafundi na maduka ya spea za Toyota wapo kila kona. Gari la siku moja gereji na gari la wiki mbili gereji ni tofauti ya mishahara ya mafundi wako.

Sasa familia. Watu wanadhani pikapu kwa kuwa ni kubwa basi ni salama. Mwaka 2018 shirika la Global NCAP liliigongesha Nissan NP300 Hardbody iliyouzwa Afrika, ikapata nyota sifuri kwa usalama wa watu wazima. Sifuri, na jina lake ni "bodi gumu"! Mwaka 2020 Great Wall Steed 5 ya Kichina nayo ikapata sifuri. Upande wa pili, mwaka 2011 Ford Ranger iliyotoka mwaka huo ilikuwa pikapu ya kwanza kupata nyota 5 za Euro NCAP. Na Hilux yetu? Gazeti moja la magari la Sweden, Teknikens Värld, lilijaribu kuikwepesha ghafla mwaka 2007, ikanusurika kupinduka. Mwaka 2016 toleo jipya likarudia vilevile, na baadaye Toyota wakalirekebisha. Kule wanakwepa kulungu, kwetu unakwepa mbuzi au bodaboda kwenye barabara ya Moshi, mkwepo ni uleule.

Kwa hiyo kama hela inaruhusu Ranger ya kuanzia 2012 iliyotunzwa, mimi ningeiweka familia yangu humo kwa amani, huku nikijua spea zitaniuma. Shemeji hela yake haifiki huko. Kwake nilisisitiza vitu vitatu vya kukagua: eabegi mbele, ABS, na mikanda ya nyuma inayofanya kazi viti vyote. Nyingi nimezikuta mikanda ya nyuma imeketiwa chini ya viti miaka kumi, haivutiki. Mikanda haigharimu kama injini, lakini ndiyo inayomshika mtoto.

Foo wili? Ukiishi huku kwetu ndani ndani, masika ya Machi mpaka Mei yanajibu swali. Udongo ukilowa, pikapu ya tuu wili ikiwa tupu inacheza disko, maana nyuma ni nyepesi. Mwenye saiti za mjini kwenye lami na moramu anaweza kuokoa hela achukue tuu wili, aweke mifuko miwili ya mchanga mbele kwenye bodi akiwa hana mzigo. Na foo wili za aina hii nyingi usiziunge kwenye lami kavu, unavunja difu bure.

Kuhusu makaratasi: ukiagiza nje, ingia kwenye kikokotoo cha TRA mtandaoni kabla hujatuma hata senti. TRA wana thamani yao ya kila gari, hawafuati tu risiti uliyoandikiwa. Kuna ushuru wa forodha, kuna VAT ya asilimia 18, na umri wa gari nao unaongeza. Wengi gari linafika Dar halafu hela ya kulitoa bandarini haipo, na kila siku linapokaa pale linadaiwa. Ukinunua hapa nchini gari lililokuwa la mradi, ambazo Arusha hazikosekani kwa wingi wa mashirika yetu, uliza kwanza kama lilisamehewa kodi na kama imeshalipwa, la sivyo deni linakufuata wewe. Namba ya chesisi ilingane na ya kwenye kadi, isomwe kwa macho yako. Na kama utakuwa unabebea watu mizigo kwa malipo, hiyo ni biashara, LATRA watataka leseni.

Mdau mmoja mtaani aliniuliza: na mwenye nusu ya hela ya shemeji afanye nini? Bila aibu kabisa, anunue Noah au Probox ya familia iliyonyooka, na akodi kirikuu au kenta siku za mzigo. Pikapu mbovu ya bei rahisi itakula ada ya shule. Najua haina heshima kijiweni, lakini kijiwe hakilipi fundi.

Siku ya kwenda kujaribu gari, shemeji nimemwambia asiende na rafiki zake. Aende na dada na watoto wote, wakae nyuma, wafunge mikanda. Aombe injini ikutwe ya baridi. Asome tarakimu nne za mwisho kwenye tairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019, kwa hiyo limeshazeeka hata kama kashata zake zinang'aa. Halafu apakie mifuko kumi ya saruji, ile nusu tani yetu, aelekee Moshono kwenye mteremko, na pasipo na magari akanyage breki kwa nguvu mara tatu mfululizo. Likivuta pembeni, au pedali ikizidi kuzama kila mara, alirudishe kwa mwenyewe na ashushe mifuko yake.